Tutengeneze watu wa kuchezea kwa ndala kuukuu

Ndugu msomaji, pita ufukweni pale Kigongo, au katika mwalo wowote wa Ziwa Victoria, uhesabu ndala zilizotupwa. Utachoka kuhesabu. Nyingine zimekatika kamba. Nyingine zimetoboka kisigino. Nyingine ni za mguu wa kushoto tu, ya kulia imekwenda na maji. Sisi huziita takataka. Katika somo la leo tutazikata, tutazibandika kwa gundi na kuzipaka rangi, zitoke watu: mvuvi, mama lishe, mkata tiketi wa kivuko, na yeyote mwingine unayemtaka wewe.

Labda utasema, mwalimu huyu ameishiwa masomo, anawaletea watu wazima mambo ya kitoto! Wanakisomo wangu nao walisema hivyohivyo. Mzee mmoja mvuvi alivaa kofia yake akataka kuondoka. Subiri kidogo, kama alivyosubiri yeye.

Jambo lilianza hivi

Wote mnalijua Daraja la J. P. Magufuli. Jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 1979? Hapana! Nawapima tu kama mnasoma kwa makini. Liliwekwa Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua daraja tarehe 19 Juni, 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, nalo linaunganisha Kigongo, wilaya ya Misungwi, na Busisi, wilaya ya Sengerema. Kabla ya hapo, mtu wa Geita au Sengerema aliyekwenda Mwanza kwa njia hii alivuka kwa kivuko, au pantoni kama wazee wanavyosema. Magari yalipanga foleni. Abiria walishuka, wakanyoosha miguu, wakaona njaa.

Njaa ile ya abiria ndiyo iliyokuwa riziki ya watu wengi wa Kigongo. Katika darasa letu walikuwemo akina mama waliouza samaki wa kukaanga, machungwa, mayai, karanga na maji ya kunywa. Siku hizi gari linapita juu ya daraja kwa dakika chache, na dereva hana sababu ya kusimama. Daraja ni jema. Mgonjwa wa usiku anafika hospitali. Hakuna hata mmoja darasani aliyesema lingekuwa heri lisijengwe. Lakini mama mmoja alisema, "Mwalimu, daraja limewavusha wote, mimi limeniacha hapa na beseni langu la mayai." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Wiki ileile baba mmoja alikuwa amenunua Mwanza mjini mfuko wa vitu vya kuchezea vya mitumba. Ndani mlikuwa na mtu mdogo wa plastiki, urefu wa kidole gumba, uso wa njano, mkono mmoja umepotea, na kichwani hana nywele. Mtoto wake alimchukua, akamtazama sana, akauliza: "Huyu anafanya kazi gani? Mbona hana mtumbwi?"

Baba akaja na swali lile darasani, na mtu mwenyewe mfukoni.

Mtu wa Denmark

Nilimtambua yule mtu. Ametengenezwa na kampuni ya LEGO ya nchi ya Denmark, huko Ulaya ya kaskazini. Habari ya kampuni hiyo inatufaa, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi.

Aliyeianzisha ni fundi seremala, jina lake Ole Kirk Christiansen, wa mji mdogo wa Billund. Mwaka 1932 dunia ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi. Wakulima walikosa fedha, na fundi akakosa watu wa kumpa kazi ya kujenga nyumba na kutengeneza samani. Basi akaanza kuchonga vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya watoto kuchezea. Mwaka 1934 aliipa kazi yake jina la LEGO, kutokana na maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya "cheza vizuri". Baadaye wakaingia katika plastiki. Mwaka 1958 waliandikisha kisheria tofali lao dogo linaloshikana na jingine bila gundi wala msumari. Mtoto hujenga nyumba, hubomoa, hujenga gari. Mwaka 1978 wakaleta mtu mdogo wa kukaa katika nyumba hizo, urefu wa sentimita 4, mikono na miguu yake ikigeuka. Huyo ndiye ndugu yake yule aliyefika Kigongo bila mkono.

Kwa miaka kumi hivi ya mwanzo watu hao wote walikuwa na uso mmoja: macho mawili ya nukta na tabasamu. Polisi, mfungwa, mwuguzi, wote walitabasamu sawasawa.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wako watu wazima wengi duniani ambao hawatosheki na watu hao wanavyouzwa. Hununua kadhaa, wakakata mguu wa huyu na kofia ya yule, wakaunganisha kwa gundi, wakapaka rangi upya kwa brashi nyembamba sana. Kwa nini? Kwa sababu dukani hakuna mtu anayefanana na baba yao, au kazi yao, au kijiji chao.

Nilipofika hapo, yule mzee mvuvi alivua kofia. Akasema, "Kwa hiyo mvuvi wa Kigongo hauzwi?" Nikajibu, "Hauzwi, mzee wangu. Mpaka tumtengeneze." Akakaa.

Plastiki ya kukata na kuunganisha namna ile hatuna. Mtu mwingine atasema tukate ndoo kuukuu na madumu. Tulijaribu. Plastiki ya ndoo na dumu haishiki gundi. Ukibandika leo, kesho kipande kinabanduka kizimakizima kama gamba la yai la kuchemsha. Lakini ndala laini, ile inayobonyea ukiifinya, inashika gundi vizuri, inakatika kwa kisu, na tayari ina rangi yake. Wala si sisi wa kwanza kuligundua hilo. Mwaka 1997 katika kisiwa cha Kiwayu, upande wa Lamu, Kenya, mtaalamu wa mazingira aitwaye Julie Church aliona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndala zilizoletwa na bahari. Kutokana na hayo ilianza kazi ambayo leo inajulikana kwa jina la Ocean Sole. Mafundi wake huosha ndala, huzibandika kwa tabaka, na kuzichonga ziwe twiga, tembo na kasa. Wengine wa hukohuko Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa, wakalivika ndala, wakaliita Flipflopi. Jahazi hilo liliingia majini mwaka 2018.

Angalia basi: walioanza walikuwa watoto. Wakubwa walikuja baadaye wakaona.

Vitu vinavyohitajika

Tafuta ndala kuukuu za rangi mbalimbali, kisu kikali cha fundi viatu, rula, kalamu ya wino, msasa, gundi ya viatu, sindano kubwa, uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, na rangi kidogo. Tafuta pia kipande cha tairi au cha ndala ngumu cha kumsimamishia mtu wako. Usinunue kitu ambacho jirani anacho. Wanakisomo wangu walikuwa na visu, sindano na uzi tayari. Tulinunua gundi, msasa na rangi tu.

Osha ndala kwa maji, sabuni na mchanga. Zisugue hasa, maana gundi haishiki juu ya uchafu wala mafuta ya samaki. Usioshee ziwani, chota maji kwa ndoo. Zianike kivulini siku nzima. Ndala yenye maji ndani ni adui wa gundi.

Kukata

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na nakueleza ili wewe usilirudie. Nilimtazama yule mtu wa Denmark, nikaona ameungwa kwa vipande: kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, miguu peke yake. Nikafundisha hivyo. Tukakata vichwa ishirini, viwiliwili ishirini, tukaviunga shingoni kwa gundi. Walipendeza! Baada ya siku tatu vichwa vikaanza kutoka. Mtoto kazi yake ya kwanza kwa mtu wa kuchezea ni kumshika kichwa na kumvuta. Kichwa kinachotoka huingia mdomoni.

Kwa hiyo kata mwili wote kwa kipande kimoja. Chora juu ya ndala umbo lenye urefu wa sentimita 14: kichwa 4, kiwiliwili 5, miguu 5. Upana uwe sentimita 4. Shingo iwe pana, isipungue sentimita 2 na nusu. Usiifanye nyembamba kwa kutafuta uzuri. Kati ya miguu pasua mstari mmoja tu, usiondoe kipande. Ndala moja ya mtu mzima hutoa miili miwili, mmoja upande wa kisigino, mmoja upande wa vidole, ukijua kuyakwepa matundu ya kamba.

Kisu kinapokwama, kichovye katika maji ya sabuni. Kitateleza kama kinakata jibini, au tuseme kama kinakata ugali uliopoa, maana jibini wengi wetu hatujaiona. Vuta kisu mara nyingi kidogokidogo, usikisukume kwa nguvu. Weka ubao chini. Mkono unaoshika ndala ukae nyuma ya kisu, usikae mbele yake. Mama wa mayai alijikata kidole siku ya kwanza kwa sababu alikata juu ya paja lake akiwa anazungumza.

Mikono kata miwili, kila mmoja urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 2. Usiibandike kwa gundi. Tia uzi katika sindano, pitisha katika mkono mmoja, katika mabega, na katika mkono wa pili, kisha rudi ulikotoka. Fanya hivyo mara nne, funga fundo la nyavu, na ulizamishe fundo ndani ya ndala. Sasa mikono inageuka. Mvuvi anaweza kuinua kasia na kulishusha. Mzee wetu alifunga fundo ambalo mimi mwalimu sikuweza kulifungua kwa meno, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu.

Nguo hukatwa katika ndala za rangi nyingine. Tafuta ndala yenye tabaka, nyeupe juu na buluu chini kwa mfano, ukate ubapa mwembamba kama ganda la chungwa. Shati, sketi, kofia, vyote hutoka hivyo. Sugua kingo zote kwa msasa mpaka ziwe laini. Ukivaa kitambaa puani wakati wa kusugua, vizuri zaidi, maana vumbi lile si la kuvuta.

Gundi

Gundi ya viatu ina desturi yake. Wengi huipaka upande mmoja, tena nyingi, wakabandika hapohapo ikiwa mbichi. Haishiki. Paka tabaka jembamba upande wa shati na jembamba upande wa mwili. Acha vyote viwili wazi. Ngoja dakika 10 au 15. Gusa kwa kidole: ikiwa gundi haikifuati kidole, ndipo ubandike, na ukandamize kwa nguvu zote. Huna nafasi ya pili. Ukibandika shati upande upande, mvuvi wako atakuwa mlevi maisha yake yote. Darasani tunao wawili wa namna hiyo, na watoto wanawapenda kuliko wengine.

Sasa nataka uache kusoma haraka.

Gundi hii hushika moto upesi, na hewa yake ikivutwa sana hulewesha na kudhuru. Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na jiko, kibatari na sigara. Mtoto asikae karibu. Na gundi, rangi au tina visitiwe hata siku moja katika chupa ya soda au ya maji.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Kopo la gundi lilikuwa kubwa, na kila mwanakisomo alitaka kwenda na kiasi chake nyumbani. Hatukuwa na vyombo. Zilikuwepo chupa tupu za soda, mimi nikasema, haya, tieni humo. Mama mmoja alifika nyumbani, akaweka chupa chini ya kitanda. Mjukuu wake wa miaka mitatu aliamka usingizini na kiu. Bibi alimkuta ameshika chupa kwa mikono miwili, kizibo ameshakifungua, chupa iko mdomoni. Alimnyang'anya. Gundi ni nzito na ilikuwa imeganda mdomoni mwa chupa. Ndiyo iliyomwokoa mtoto.

Kesho yake mama yule aliniambia mbele ya watu: "Mwalimu, wewe umesoma chuo. Mimi nilijua umefikiri." Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, si lake. Tangu siku hiyo gundi yote hukaa katika kopo lake, lenye maandishi yake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Anayetaka kubandika huja darasani.

Ikitokea mtoto amekunywa kitu cha namna hiyo, usimtapishe wala usimlazimishe kunywa maziwa. Vitu hivi vikirudi juu vinaweza kuingia mapafuni. Mkimbize zahanati, na uchukue lile kopo ili mganga asome ni kitu gani.

Rangi

Ndala ina rangi yake, kwa hiyo hatuhitaji rangi nyingi. Tunapaka macho, mdomo, nywele, vifungo, na namba ya mtumbwi. Tumia njiti ya kiberiti iliyochongwa kwa nukta za macho, na brashi ndogo kwa mistari.

Macho yapakwe kwa rangi. Usibandike shanga wala vifungo. Kitu chochote kinachopungua sentimita 3 kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na shanga hupenda kuingia puani na masikioni.

Ni rangi gani? Rangi ya mafuta hukauka ikawa ngumu, na ndala hupinda. Kigumu juu ya kinachopinda hupasuka. Watu wetu wa kwanza walibambuka nyuso kama wagonjwa. Rangi ya maji hufaa zaidi. Paka tabaka jembamba, ngoja likauke, paka la pili. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko uzuri. Rangi nyingine zimetiwa madini ya risasi, hasa baadhi ya rangi za mafuta, na rangi za zamani zaidi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake: husoma kwa shida, hukua vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto hulamba kila kitu.

Yule mzee mvuvi alileta rangi iliyobaki alipopaka mtumbwi wake, nyekundu ya kupendeza sana. Kopo lilikuwa na kutu, maandishi yamefutika. Nikamwambia hatuwezi kuitumia. Akakasirika. "Mwalimu, mtumbwi wangu umepakwa rangi hii miaka yote, na samaki hawajafa."

Nikamwambia, "Samaki halambi mtumbwi, mzee wangu. Mjukuu wako atamlamba mvuvi."

Alinyamaza. Halafu akasema, "Basi nisomee hapo kwenye kopo panaposema kuna sumu." Hapakuwa na cha kusoma. Nami nikamwambia kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe: kopo lisilosomeka halitumiki kwa kitu cha mtoto. Wewe msomaji umejifunza kusoma. Anza kusoma makopo. Tafuta maneno yanayosema rangi haina risasi. Ikiwa yameandikwa kwa Kiingereza, mwulize mwenye duka, au mwite mwanafunzi wa sekondari akusomee. Usione haya. Usipopata uhakika, acha rangi kabisa. Macho unaweza kuyachoma kwa ncha ya msumari wa moto, ukiwa nje na upepo ukiupeleka moshi mbali nawe.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya rangi ya uso. Mtu wa Denmark ni wa njano. Baadhi walitaka wetu wawe njano pia, maana ndiyo waliyoiona dukani. Mama wa mayai alichukua ndala ya kahawia iliyokolea, akaiweka karibu na mkono wake, akasema, "Huyu ni mimi." Akamkata, akamvika sketi ya kijani, akamwekea kichwani beseni lililokatwa kwa ndala nyeupe, na kulishona kwa uzi mara sita. Ndani ya beseni mayai yamepakwa, hayakubandikwa. Ukimwona utamtambua mwenyewe kabla hajasema jina.

Mabaki yote yakusanye mfukoni. Usiyatupe ziwani, wala usiyachome. Moshi wake ni mbaya. Yakatekate madogo uyajaze katika mto wa kukalia.

Je, inalipa?

Tufanye hesabu kwa ukweli. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka za kwenu. Tuseme kwa watu 10 tumetumia gundi ya sh. 3,000, rangi sh. 4,000, msasa sh. 1,000 na uzi sh. 500. Jumla sh. 8,500. Kila mtu mmoja amegharimu sh. 850. Tukiuza kila mmoja kwa sh. 2,000, wote 10 ni sh. 20,000. Toa gharama, zinabaki sh. 11,500. Ikiwa kazi ilichukua siku 2, ni sh. 5,750 kwa siku, na jasho lako ndani yake.

Lakini hiyo ni ukiuza wote. Ukiuza wanne tu, umepata sh. 8,000. Hata gharama hazijarudi, zimepungua sh. 500. Sisi wa kwanza tuliuza watatu, nao walinunuliwa na walimu wenzangu, nadhani kwa huruma.

Tulipokaa kutazama sababu, tuliona tuliwapeleka watu wetu palepale penye kivuko, mahali ambapo wateja wameshaondoka. Tulikuwa tunasubiri abiria ambaye yuko juu ya daraja. Safari ya pili tuliwapeleka Usagara, njia panda magari yanaposimama, na katika madarasa ya awali, ambako mwalimu huhitaji vitu vya kuhesabia na kusimulia hadithi. Darasa moja la awali lilitaka kikundi kizima: mvuvi, mchuuzi, mwuguzi, mwalimu, dereva wa bodaboda. Watu kumi kwa mara moja. Sasa mama mmoja anafikiria kwenda Kisesa, karibu na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ambako wageni hufika. Tutaona.

Nami sikushauri uache shamba kwa ajili ya wanasesere. Mama wa mayai hajaacha mayai. Anayauza Usagara sasa, na wanasesere wako pembeni ya beseni. Anasema siku nyingine mtoto humvuta mama yake kwa ajili ya mwanasesere, na mama hununua mayai.

Yule mtu wa Denmark tumemtengeneza pia. Tulimkatia mkono wa ndala, ukamzidi kidogo, na kofia ya pama. Mtoto mwenye mali amemweka katika mtumbwi wa bua la mtama, pamoja na mvuvi wa mzee wetu, ambaye ni mrefu mara tatu na zaidi. Anasema mgeni anafundishwa kuvua.

Mazoezi

1. Kwa nini mwili wa mtu wa kuchezea ukatwe kwa kipande kimoja?

2. Gundi ya viatu hupakwa upande mmoja au pande mbili? Utajuaje kwamba wakati wa kubandika umefika?

3. Tafuta makopo mawili ya rangi, nyumbani au dukani. Nakili katika daftari maandishi unayoweza kuyasoma. Je, yanasema lolote juu ya risasi?

4. Kikundi kimetumia sh. 10,200 kutengeneza watu 12. Kila mmoja amegharimu kiasi gani? Wakiuza 7 kwa sh. 2,000 kila mmoja, wamepata faida au hasara, na ni kiasi gani?

5. Chora mtu mmoja wa kijiji chenu ambaye hauzwi dukani. Andika chini yake sentensi tatu: ni nani, anafanya kazi gani, na utamkata katika ndala ya rangi gani. Mletee mwalimu wako wa kisomo.